Tochi Zilizofifia Mlangoni kwa Bibi Somoe

Nilipokuwa mtoto, katika kijiji chetu cha upande wa Matambarale, tochi zilikuwa zinafifia mlangoni kwa bibi yangu. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo watu walivyosema, na kwa sababu ni kweli zilififia. Niliziona mwenyewe zikija kutoka bondeni na mwanga mweupe, zikifika usawa wa nyumba yake zinageuka njano, halafu nyekundu, na mwenye tochi anaipiga piga pajani huku akikaza mwendo. Nikiwasimulia wanangu hapa Ruangwa mjini wanacheka, maana kwao tochi ni kitu kilichomo ndani ya simu. Nami nawaacha wacheke. Lakini mwaka ule kwetu hakuna aliyecheka, kwa sababu bibi yangu alikuwa anatakiwa kupelekwa kunyolewa kama mchawi, na aliyetaka apelekwe alikuwa mwanawe wa kumzaa.

Bibi Somoe alikuwa mama yake baba. Alikuwa mfupi, mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake, na aliniita mke mwenzangu kama mabibi wanavyowaita wajukuu wao wa kike, ila yeye utani ule aliufanya kazi. Nikiunguza uji aliniambia mume wetu atatuacha wote wawili kwa uzembe wangu, ilhali mume mwenyewe, yaani babu, alikwisha kufa kabla sijazaliwa. Nilimpenda kuliko nilivyowapenda wazazi wangu, na sioni aibu kuliandika hilo.

Kijiji kilikatwa na bonde. Upande mmoja kulikuwa na ghala la korosho, msikiti, na banda la video lililotumia jenereta. Upande wa pili, tuliouita ng'ambo, ndiko tulikokaa sisi na wakulima wengine. Bondeni palijaa mikorosho ya zamani, imeshikana matawi juu ya njia, na jua likishazama tu pale chini giza lilikuwa tayari limetanda hata kama juu mbingu bado ina weupe. Pembeni mwa bonde zilikuwepo nyumba mbili peke yake, zikitazamana. Ya upande wa ghala ilikuwa ya baba mdogo Issa, mdogo wake baba, pale njia inapoanza kushuka. Ya upande wa ng'ambo ilikuwa ya Bibi, pale njia inapomaliza kupanda. Asubuhi Bibi alijua mwanawe ameamka kwa kuona moshi wake, na mwana naye vivyo hivyo.

Tochi wakati ule ilikuwa heshima ya mwanamume. Jioni, kabla mpira haujaanza kwenye video, wanaume walikuwa na mchezo wa kupimana tochi kwenye ukuta wa ghala. Walisimama mstari mmoja, kila mtu akawasha, wakatazama mviringo wa nani una kiini cheupe zaidi na wa nani umejaa vivuli. Ubishi wake ulikuwa mkubwa kuliko ule wa mpira. Mmoja alishikilia kwamba tochi ya betri mbili haiwezi kuishinda ya betri tatu, mwingine akamwambia aache kujidanganya, mwanga uko kwenye globu. Aliyeshindwa hakukubali kirahisi. Alichuchumaa palepale akaifungua tochi yake, akakwangua kutu kwenye springi kwa kisu, akaivuta springi ikaze, akabandika chini ya betri kikaratasi cha kung'aa kutoka kwenye pakiti ya sigara, akafuta kioo kwa shati, kisha akadai kurudiwa. Baba alikuwa na tochi ndefu ya bati, ya betri tatu, na alikuwa mtu wa maneno machache, lakini mbele ya ukuta ule nilimsikia akizungumza kama mtu mwingine.

Sasa, kiangazi, katika ile miezi ambayo korosho hazijaanza kuokotwa na hakuna nyumba yenye kitu, hakuna aliyenunua betri mpya. Betri zilianikwa. Kila nyumba ilikuwa na uchanja wa makopa, ile mihogo tuliyomenya na kukausha, na pembeni ya makopa zilipangwa betri, zikilala juani kutwa. Kwetu kazi ya kuzigeuza ilikuwa yangu. Jioni nilimpelekea baba zikiwa na moto wa jua mkononi, akazitia kwenye tochi, na kweli ziliwaka kama zimetoka dukani. Ziliwaka hivyo kwa muda mfupi. Hilo la muda mfupi hakuna aliyelisema sana, maana kila mtu alijisifu kwa ule mwanga wa mwanzo.

Mambo yalianza kuharibika jioni moja Bakari, jirani yetu wa ng'ambo, alipowashinda watu wote pale ukutani. Mviringo wake ulikuwa mweupe hata ukaonyesha nyufa za plasta. Mpira ulipokwisha akashika njia, akawasha tochi pale nyumbani kwa baba mdogo Issa, kama kila mtu alivyofanya, kwa kuwa hapo ndipo mwanga wa banda ulipoishia. Akavuka bonde anatembea kwa maringo. Alipotokeza kwa Bibi Somoe tochi ikafifia mpaka ikabaki uzi mwekundu tu ndani ya globu, na yeye akaingia kwenye shimo ambamo Bibi alichimba udongo wa kukandikia nyumba. Akavunjika mkono.

Kesho yake ilikuwa habari ya kijiji kizima. Tochi iliyozishinda zote ukutani imezimwa mlangoni kwa Somoe. Wengine wakakumbuka kwamba nao yamewahi kuwatokea, na wasiokumbuka wakaanza kuangalia. Ukianza kuangalia jambo kama hilo hukosi kuliona. Wakaongeza na mengine: kwamba yeye ndiye anayemwaga unga chini ya msolo, ule mti wetu wa kuombea, kabla ya watoto kuingia jandoni, na nani anajua anaomba nini. Miaka yote alikuwa akiumwaga unga ule kwa kuombwa na haohao.

Baba mdogo Issa alikuwa na donda lake. Mwanzoni mwa mwaka alikuwa amezika mtoto mchanga, na mkewe alikuwa bado akilia hadharani, kisimani, njiani, popote yalipomjia. Mtu mwenye uchungu wa namna hiyo akipewa jina la kumlaumu hulishika. Sikumwelewa wakati ule, nilimchukia moja kwa moja. Alimwambia baba kwamba anakwenda Mnero kumleta mjomba wao, kaka yake Bibi, kwa kuwa kwetu mwanamke hapelekwi kunyolewa bila idhini ya kaka yake. Baba alimsihi angoje. Issa akapanda baiskeli akaondoka.

Kunyolewa, kwa asiyejua, ni hivi. Palikuwa na mganga mbele ya Nachingwea ambaye watu waliotuhumiwa walipelekwa kwake. Aliwanyoa nywele zote, akawachanja, akawanywesha dawa ya kuutoa uchawi mwilini. Mtu alirudi na kipara na jina, na jina lile halikuota nywele tena. Na dawa ile, watu walisema, haina mchezo. Aliyekwisha kuinywa akarudia uchawi, au aliyesema uongo mbele yake, hamalizi mwaka. Kila mtu kwetu aliamini hivyo, na Bibi akiwemo.

Baba alipokwenda kumpa habari nilikuwepo, nachambua kunde pamoja na Bibi. Alimsikiliza bila kuacha kuchambua. Halafu akasema, kwa sauti ya chini ambayo sikuizoea kwake:

"Kunyolewa si kitu, nywele zinaota. Lakini mkishaninyoa na tochi zikaendelea kufifia, mtamnyoa nani?"

 Baba alikaa kidogo, akaaga. Bibi aliniambia kunde zangu zina mawe, mume wetu atavunjika meno, ila sikucheka na yeye hakungoja nicheke.

Katika siku zile za kumngoja mjomba, mama alinituma maziwa kwa wafugaji. Walikuwa wamehamia karibuni kutoka kanda ya ziwa, wameweka maboma yao porini nyuma ya ng'ambo, na kijijini walisemwa sana, ng'ombe wao wakila ufuta na hata wasipokula. Mimi nilikuwa na rafiki kwao, Kabula, tuliyesoma darasa moja. Wakati mama yake ananipimia maziwa, Kabula aliniuliza kama nyumbani kwetu tunaogopa ile nyumba ya bondeni. Nikajua amesikia habari za Bibi, nikanuna. Nikamjibu kwamba yule ni bibi yangu na si mchawi.

"Si ya bibi," akasema. "Ile ya bati, kule kwenye ghala. Ya yule ambaye mke wake analia. Tochi zetu zinakufa pale. Mama anasema tukifika pale tusiangalie dirishani."

Mama yake alimkemea kwa Kisukuma, akanikabidhi kibuyu, na mimi nikaondoka mbio maziwa yakinimwagikia mguuni. Nyumba ya bati ilikuwa ya baba mdogo Issa.

Nilimweleza baba. Aliniuliza mara ya pili, taratibu, Kabula alisema nini hasa. Baada ya swala ya magharibi akachukua tochi yake, akaniita, tukaenda mpaka kwa Bibi. Hakuingia ndani. Aliiwasha pale mlangoni, betri zikiwa za kuanikwa siku ileile, na mwanga ukapiga mikorosho ukawa mweupe kabisa. Tukashuka. Katikati ya bonde nikaona unaanza kuwa njano. Tulipopanda kutokea kwa baba mdogo ulikuwa mwekundu, na baba akasimama, akaitazama tochi kama anayeiona kwa mara ya kwanza.

Aliketi kwenye gogo akaifungua. Nilimmulikia kwa kibiriti. Springi ilikuwa safi, aliikwangua jana yake. Akaniambia, na sijui kama alikuwa anazungumza na mimi au na nafsi yake, kwamba springi mbovu huzima na kuwasha, ukiitikisa tochi inashtuka, na hii ameitikisa haikushtuka. Globu iliyoungua ingekuwa hafifu tangu mwanzo, na hii ilianza nyeupe. Akabadilisha betri, ya mbele akaiweka nyuma. Akazifunika kwa viganja, tukangoja. Alipowasha tena mwanga ulikuwa umerudi, si wote, lakini umerudi. Tukashika njia ya kurudi, na safari hii ukafa mapema, hata kwa Bibi hatujafika.

Baba akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu Bakari avunjike mkono. Alinishika kichwani akasema ni betri, mwanangu, ni hizi betri za kuanika, zinaamka na kuchoka, anayetoka huku zinamchokea kule na anayetoka kule zinamchokea huku. Tulirudi nyumbani gizani na moyo mwepesi. Nililala nikijua kwamba bibi yangu amepona.

Mjomba alifika kutoka Mnero, mzee mrefu mwenye kofia iliyofuliwa vizuri, na kikao kikafanyika uani kwetu mchana. Walikuwepo yeye, baba, baba mdogo na mkewe, Bakari na mkono wake umefungwa shingoni, mama, na Bibi ameketi kwenye mkeka kando yao, amenyoosha miguu. Baba alisimama akaeleza yote. Alieleza vizuri, kuliko nilivyotegemea. Alionyesha betri mkononi.

Mjomba alimsikiliza mpaka mwisho, halafu akamuuliza kama betri zake na za Bakari zilinunuliwa duka moja siku moja. Baba akasema hapana. Mjomba akamuuliza tochi ya Bakari ina betri ngapi, na ya kwake ngapi. Baba akamjibu. Mjomba akasema sasa, betri za maduka mbalimbali, tochi za aina mbalimbali, zinawezaje kukubaliana zichoke mahali pamoja.

Leo ningemjibu. Hazikuchoka mahali pamoja. Nyingine zilichoka katikati ya bonde, nyingine hata kabla, ila aliyefifiwa katikati ya mikorosho hakuwa na mtu wa kumtaja, kwa hiyo akasahau alipofika nyumbani. Mkorosho haunyolewi. Lakini baba hakuwa na maneno hayo, nami nilikuwa mtoto. Alichokuwa nacho ni ushahidi wa Kabula, na akaniita niuseme.

Nikausema kama nilivyousikia. Nilijiona shujaa. Nilisema wafugaji nao tochi zao zinakufa, lakini kwao zinakufa kwa baba mdogo Issa, na mama yake Kabula amewakataza kuangalia dirishani. Nilipomaliza nilingoja watu wacheke kama baba alivyocheka bondeni. Mke wa baba mdogo alifunika uso kwa kanga. Bakari alisogeza kiti chake kidogo, kidogo tu, kutoka pale alipokaa Issa. Na mjomba akamgeukia mpwa wake huyo akamtazama kwa muda mrefu.

"Basi wako wawili," akasema.

Baba alianza kupinga, wakaanza kusema wote kwa pamoja.  Baba mdogo peke yake alikuwa ameangalia mikono yake, na uso wake ulikuwa umepauka kama wa mtu mwenye homa. Nilielewa polepole, na kwa hofu, kwamba nilichosema hakikumwondoa mtu yeyote kwenye mashaka. Kilikuwa kimeongeza mtu. Mkewe angerudi kwenye nyumba ya bati na mume aliyenyolewa, baada ya kuzika mtoto, na angekesha na wazo gani, hata mimi niliweza kulikisia.

Hapo ndipo Bibi alipokunja miguu yake.

"Kaka," alimwambia mjomba, "mwache mtoto. Ni mimi. Za huku ni mimi na za kule ni mimi, bonde ninalivuka. Huyo hajui kitu."

Baba alisema, Mama, usiseme hivyo. Alimjibu anyamaze, kwa sauti ile ya kumkataza mtoto asiguse chungu cha moto, na baba, mtu mzima mwenye ndevu, akanyamaza. Machozi yalikuwa yanamtoka baba. Sikuwahi kuyaona kabla ya hapo wala baada yake. Baba mdogo Issa alimtazama mama yake, na kilichokuwa usoni pake sikukitambua vizuri. Nadhani alimwamini. Nadhani alipumua. Ni mambo mawili ambayo kwa miaka mingi sikuweza kumsamehe.

Walimpeleka. Alirudi na lori la mizigo, kipara kimefungwa kitambaa cheupe, chale mpya kwenye paji la uso na mikononi, mwili umepungua. Nilimpokea mzigo nikashindwa kumsalimia. Shuleni wasichana sote tulikuwa tukinyolewa nywele, ndiyo sheria, na yeye akaniangalia kichwani, akavua kile kitambaa akaniinamia.

"Tumefanana, mke mwenzangu," akasema. "Wanipe na sare niende darasani."

Nikacheka huku nalia. Baada ya muda mfupi korosho zilianza kuanguka, msimu ukaja, watu wakauza, na kila nyumba ikanunua betri mpya. Unaweza kukisia kilichofuata. Bakari alivuka bonde mkono wake umepona, tochi inamulika mpaka vileleni mwa mikorosho, na hata alipopita mlangoni kwa Bibi haikutetereka. Watu wakaambiana umeiona dawa, imefanya kazi. Walimsalimia Bibi vizuri, kwa upole wa mtu anayemsalimia aliyetoka kifungoni, ila unga wa msolo walimpa mwingine aumwage. Jambo hilo lilimuuma kuliko kipara. Alisema mwenyewe, linaniuma, na hakulizungumza tena. Kila nilipoona mwanga mkali ukipita pale nilitamani uzimike.

Ulizimika kiangazi kilichofuata. Betri zilirudi kwenye uchanja pamoja na makopa, mimi nikarudi kuzigeuza, na jioni tochi zikaanza tena kuwa njano zikitokea kwa Bibi Somoe. Watu wakashika pumzi. Kama amerudia, basi dawa ingemmaliza, na sasa mwaka ulikuwa unakaribia kutimia. Wakangoja. Bibi akaendelea kutwanga, kupalilia, kuniambia uji wangu ni wa kupigia lipu. Tochi zilififia na yeye alikuwa mzima. Hayo mawili hayakuweza kuwa kweli pamoja, na kwa kuwa hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kulisema, kijiji kizima kikanyamaza. Mtu alipita pale tochi yake inakufa, akaipiga piga pajani, akaangalia mbele. Hapakuwa na wa kumnyoa.

Jioni moja nilikuwa kwake tunakula, bado mapema, tukaona mwanga mwekundu umesimama nje. Ulikuwa wa baba mdogo Issa. Hakubisha hodi, alisimama tu pale njiani na tochi yake.

"Mama," akaita, "tochi yangu imefifia."

"Naiona," Bibi akajibu.

 Baba mdogo akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekuwa analibeba jambo hilo njia nzima, siku ile uliongopa. Bibi alimwambia aingie ale, chakula kinapoa. Aliingia, akanawa, akala nasi ugali na mlenda bila kuinua macho, na machozi yakawa yanadondokea kwenye kidevu chake na hakuyafuta. Bibi alimsogezea mboga upande wake. Mimi nilijitazamia mkono wangu tu.

Nilipofika sekondari nilifundishwa habari za betri, kwamba iliyochoka ukiipasha moto na kuipumzisha hupata nguvu kidogo, kisha hukatika. Likizo ile nilikwenda moja kwa moja kwa Bibi na daftari langu, nikamchorea, nikamweleza kila kitu, nikamwambia hakukuwa na uchawi wowote, si kwake si kwa baba mdogo, ilikuwa kama baba alivyosema. Alinisikiliza kwa makini, akauliza swali moja au mawili ya maana. Kisha akasema:

"Kumbe. Ungewahi kukua, mke mwenzangu."

Nikafikiri mazungumzo yamekwisha. Ila kwa kuwa nilikuwa mwanafunzi na nilijiona najua, nilimwambia basi na ile dawa nayo ilikuwa maji ya mizizi tu, haikuwa na kitu. Akanikatalia. Akaniambia nisiizungumzie hivyo, dawa ile anaiamini, aliiamini siku ile na anaiamini leo. Nikamuuliza, kama aliiamini, na alijua inamuua mwongo, aliwezaje kuinywa.

"Niliinywa," akasema. "Nikarudi hapa nikawa nalala nimevaa kanga yangu nzuri, ili asubuhi wakinikuta wasihangaike kutafuta nguo ya kunifunika. Mwaka mzima. Kila nikiamka nilishangaa."

Nilikuwa nimelala kwenye nyumba ile mara nyingi mwaka ule, kitanda kimoja naye, na ni kweli alivaa kanga nzuri. Nilidhani ni uzee.

Aliishi miaka mingi baada ya hapo, akafa kwa ugonjwa wa kawaida, kwenye mvua za masika. Baba mdogo Issa ndiye aliyeshuka kaburini kumpokea, na alipotoka udongo umemjaa magotini hakutaka mtu ampanguse. Kufikia wakati ule nilikuwa nimekwisha kumsamehe, ingawa sikumwambia, na yeye naye hakuwahi kuniuliza.

Ng'ambo siku hizi wana sola, na vijana wanaokwenda machimboni Namungo hurudi na tochi za kufunga kichwani zenye mwanga wa kuumiza macho. Hukaa wakizishindanisha vilevile, na ikififia moja hawamtazami mtu, wanatafuta chaja. Nafurahi kwa hilo. Kwa muda mrefu niliamini kwamba kisa hiki kinahusu ujinga, na kwamba laiti baba angejua kujieleza, au mimi ningezaliwa mapema, yote yangekwisha palepale uani. Huenda. Lakini kadiri ninavyozeeka siyarudii sana maneno ya baba wala ya mjomba. Namrudia mwanamke mfupi anayekunja miguu yake kwenye mkeka, anayeamini kabisa kwamba anakwenda kufa, na anafanya haraka kusema kabla mwanawe hajatajwa mara ya pili. Nina watoto watatu. Nikiwatazama wakilala nadhani na mimi ningesema kama yeye, halafu namwomba Mungu asinijaribu.